Mnusa Miembe

Kabla hajakusalimia, alikuwa ameshachuma jani kwenye mche wako. Alilikunja mara mbili, akalisugua kwa kidole gumba, akalipeleka puani na kufumba macho, na wewe ukabaki umesimama umenyoosha mkono wa salamu, hujui kama uurudishe mfukoni. Kisha alifumbua macho na kusema ama "Ni hiyo wamekuambia" ama "Pole." Neno la pili ndilo alilolitumia zaidi. Baada ya hapo sasa ndipo alipokuuliza habari za nyumbani, na aliuliza kwa kirefu, mtoto kwa mtoto, maana hakuwa mtu mbaya.

Kila mtu Kitale na Bungoma alimwita Madam. Alikuwa afisa wa kilimo, na kazi hiyo ilimtembeza Bungoma yote, kuanzia Bumula tambarare hadi Cheptais kwenye miteremko ya Elgon, kwanza kwa baiskeli na baadaye kwa pikipiki iliyomwangusha mara nyingi kuliko alivyopenda kukiri. Alipostaafu alirudi kwenye nyumba yake Kitale, akitaka kufuga kuku na kulala mchana. Watu hawakumruhusu. Ukinunua mche wa embe la nadra, lile ambalo muuzaji anakuapia kwamba halipatikani popote ila kwake, ulimpelekea Madam athibitishe. Hakutoza kitu. Aliomba tu usikasirike.

Tangu tumzike, nikipita penye wauza miche nachuma jani, nalikunja, nanusa. Sisikii chochote ila harufu ya jani. Namkosa sana, na sioni haja ya kulizungusha hilo kwa maneno mengine.

Mimi nilimjua kwa sababu ya hasira. Nyuma ya jikoni ya mama yangu, kule Bumula, palikuwa na mwembe wa aina iliyoitwa Karani. Wazee walisema mbegu yake ya kwanza ililetwa na karani wa reli aliyehamishiwa Bungoma, akala embe lake, akatupa kokwa, akaenda zake. Karani lilikuwa embe refu, jembamba, na likiiva lilibaki kijani kibichi. Mgeni angelipita akidhani bado. Sisi tulijua kwa kulibonyeza karibu na kikonyo. Halikuwa na nyuzi hata moja. Mama alipofariki, kaka yangu ambaye ndiye mkubwa alirithi kiwanja cha nyumba, na kabla matanga hayajasahaulika akaukata ule mti ili ajenge nyumba ya matofali. Nilifika nikakuta kisiki. Mbele ya wajomba wawili nikasema sitakanyaga ndani ya nyumba yake mpaka Karani irudi. Nilikuwa nalia niliposema, lakini nilisema, na kwetu neno ulilolisema mbele ya wajomba halifutwi kwa kukohoa.

Basi nikaanza kutafuta Karani. Habari ya mtu mwenye haja husafiri haraka, na wauzaji wa miche kutoka Bungoma mjini hadi Kitale wakaanza ghafla kuwa na Karani. Nilinunua minne ya kwanza kando ya barabara Kitale, siku niliyotumwa huko kikazi. Kazi yangu ni ya ofisi, kugonga mihuri kwenye vyeti vya watu. Nilikuwa nimeikumbatia miche yangu kama mapacha, nikasikia mkono unapita begani kwangu na jani linakatwa.

"Pole," sauti ikasema.

Niligeuka nikamwona mwanamke mrefu aliyevaa koti la mvua kwenye jua kali na viatu vyekundu vya kisigino. Muuzaji alimjua. Alianza kuapa kabla hajaulizwa.

"Madam, haki ya Mungu hii ni Karani harisi. Siwezi kudanganya mathe kama huyu."

"Mti mama uko wapi?"

"Uko mbali sana, Madam."

"Uko hai ama ulikufa?"

Kijana akafikiri. "Ulikufa juzi."

"Ya huyu jirani yako ilikufa miaka mitatu iliyopita, na ya yule wa jana pia ilikufa juzi," Madam akasema. "Hiyo miti mama yenu ina ugonjwa gani?"

Hata muuzaji alicheka. Alinirudishia nusu ya nilichotoa, na Madam akanipeleka kwake kunywa chai ili hasira yangu ipoe. Ilikuwa chai tamu kupita kiasi. Aliniambia kwamba ameulizwa habari za Karani tangu alipokuwa kazini, na kwamba hajawahi kuikuta.

Alinifundisha kidogo kidogo jinsi wanunuzi wanavyodanganywa. Mche mzuri wa embe la nadra ni ndoa ya miti miwili: chini ni shina la mwembe wa kawaida wenye mizizi migumu, juu ni tawi dogo lililokatwa kwenye mti unaoutaka, na mahali vinapoungana hufungwa kwa nailoni mpaka vishikane. Wajanja huchukua mche uliochipua wenyewe kwenye takataka za sokoni, wakaufunga nailoni katikati, ukawa na sura ya mche uliopandikizwa. Madam alikuwa akifungua ile nailoni taratibu kwa ukucha. Chini yake akikuta gome zima lisilo na kovu, alisema, "Bandeji iko, kidonda hakuna."

Pasta mmoja wa Kitale alimletea miche kumi na miwili ya embe la zambarau kutoka ng'ambo, aliyoichagua kwa picha kwenye simu. Embe lile pichani liling'aa kuliko gari jipya. Madam alifungua nailoni ya kwanza, ya pili, ya tatu, kisha akaacha kufungua.

"Pole, Pasta. Hii ni embe tu."

"Lakini, Madam, nimeshaiombea."

"Maombi si kazi bure. Iombee tena itoe kivuri."

Alisema kivuri, naye Pasta akarudia vilevile, kivuri, na hakuna aliyeona ajabu. Pasta aliipanda yote kumi na miwili kuzunguka kanisa. Kwa kuwa Kitale ni nchi ya baridi na mahindi, hata mwembe wa kweli huko ni wa kubahatisha.

Hapo ndipo nilipokuwa nikimtania. Mtu aliyejua miembe kuliko wote aliishi mahali ambapo mwembe hauzai. Alikuwa na mmoja uani, mkubwa, mnene, ambao haukuwahi kutoa hata ua, naye aliutukana kila asubuhi kwa Kikuyu, lugha ya nyumbani kwao. Tena hakuweza kula embe. Utomvu wa ganda ulimtoa malengelenge midomoni, hivyo hata kipande kilichomenywa alikitazama kwa wasiwasi. Na huyu ambaye hakuna muuzaji wa miche aliyeweza kumpiga chenga, alinunua dawa ya magoti kwa kila gari lililopita na kipaza sauti. Kabati lake lilijaa chupa za mafuta ya mbuni, mafuta ya nyoka, mafuta ya mnyama ambaye picha yake sikuitambua. Nilimwambia anuse kwanza.

"Magoti yangu yakiuma sina pua," akanijibu, na akajipaka.

Alipenda methali na alizitumia bila huruma. Kwa wauzaji ilikuwa kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Kwa wanunuzi ilikuwa mpenda chongo huona kengeza. Hii ya pili ndiyo iliyokuwa msingi wa kazi yake. Aliamini kwamba mnunuzi ndiye shahidi mbaya kuliko wote, kwa sababu anataka sana iwe kweli. Mtu akija na tunda la kuthibitisha, Madam hakumruhusu alionje. Alitafuta mwingine aliyewahi kula embe la aina hiyo na ambaye hakuwa na haja nalo, jirani au mpita njia, akampa kipande bila kumwambia ni nini. Nilimwona akimsimamisha mhudumu wa boda boda na abiria wake, akamlisha embe lililodaiwa kuwa Ngowe akiwa juu ya pikipiki, na abiria akangoja.

"Tamu ama?"

"Tamu, Madam, lakini hii si Ngowe."

"Umesikia?" akamwambia mnunuzi. "Huyu hata hajui tunabishania nini."

Ukweli wake ulikuwa na makali, na mimi ulinikata. Kwa miaka miwili nilimpelekea Karani kumi na moja kutoka kwa wauzaji tisa. Wakati mwingine nilisafiri mwenyewe, wakati mwingine yeye alishuka Bungoma na kunikuta nje ya ofisi. Pole. Pole. Pole. Kila pole ilikuwa mwezi mwingine wa kutomwona kaka yangu, na watoto wake wakikua. Nilikutana nao sokoni Bungoma, wakaniamkia, nikawanunulia ndizi, tukaachana hapo barabarani kama watu wa matanga tofauti. Krismasi nilipika peke yangu. Nilijifanya sijali. Kwa mche wa kumi na moja nilishindwa.

"Madam, si useme tu ndiyo," nikamwambia. "Niupande, nimalize hii maneno. Nani atajua?"

Alikuwa ameshalikunja jani. Alilitazama badala ya kunitazama mimi.

"Hii maneno ni gani?"

Sikuwa nimemwambia. Nilimwambia basi, habari za kisiki, na wajomba, na nilichokisema. Alisikiliza mpaka mwisho. Nilidhani atanionea huruma. Alisema, "Utamwagilia uongo miaka minne. Mimi siwezi kukusaidia kwa hiyo," kisha akaurudisha ule mche mikononi mwangu. Nilipanda gari la kurudi Bungoma bila kumuaga na sikumpigia simu miezi mitatu.

Yeye ndiye aliyepiga. Alikuwa amesikia habari za mwembe mzee chini ya Cheptais, kwa mama mmoja mkulima, unaozaa maembe yasiyobadilika rangi. Tulikwenda. Hatukukuta tunda, msimu ulikuwa umepita. Palikuwa na majani tu, na yule mama akatuambia ni matamu, basi, hana zaidi ya kusema. Madam alikaa pale muda mrefu kuliko nilivyowahi kumwona akikaa penye mti. Alichuma jani bichi, jani kavu, jani changa la rangi ya chai ya maziwa. Kisha akanigeukia na kuanza kuniuliza. Karani likikatwa lilinukaje? Utomvu wake ulinata au uliteleza? Kokwa lilikuwa bapa? Jani changa nyumbani lilikuwa na rangi hii? Nilijibu ndiyo. Nilijibu ndiyo kwa kila kitu, na kila ndiyo ilitoka kwa haraka zaidi.

"Naona ni yenyewe," akasema.

Katika miaka yote sikuwahi kumsikia akisema naona. Kwake jani lilikuwa ndilo au silo. Nililisikia neno lile, nikaliruka. Alikata vitawi vitatu, akavipandikiza mwenyewe, na kimoja kikashika. Nikaupanda mche ule kwenye kiplot changu kidogo nje ya mji wa Bungoma.

Msimu wa maembe ulipofika Madam alinipigia. "Umerudi Cheptais kuonja?"

"Nitaenda, Madam."

Mwaka uliofuata aliuliza tena, nikasema nitaenda. Sikwenda. Niliogopa kuonja.

Mwaka wa nne mti wangu ukazaa maembe saba. Marefu, membamba, yakaiva yakiwa kijani kibichi. Nilibonyeza moja karibu na kikonyo, likabonyea, moyo ukanipasuka kwa furaha. Nilikula nimesimama jikoni, maji yakinitiririka hadi viwikoni. Lilikuwa tamu. Halikuwa na nyuzi. Nilipomaliza nilinawa mikono nikakaa chini, kwa sababu sikuweza kusema kama ndilo. Nilikuwa nimelisimulia Karani kwa watu wengi mno, na sasa nilikumbuka masimulizi tu. Utamu wenyewe wa nyuma ya jikoni ya mama, nilipoutafuta mdomoni, haukuwapo.

Nikafunga manne kwenye mfuko na kwenda Kitale.

Madam alikuwa amekonda. Alitembea kwa fimbo na jicho moja lilikuwa na ukungu, lakini viatu vilikuwa vyekundu. Alinusa jani nililobeba, akafumba macho, akakaa hivyo mpaka nikadhani amelala.

"Jani linasema ndiyo," akasema. "Lakini mimi sijawahi kula Karani. Unajua hiyo?"

Nilijua na sikuwa nimewahi kulifikiri.

"Siku ile nilithibitisha kwa mdomo wako," akaendelea. "Sijawahi kufanya hivyo kwa mtu mwingine. Nilikuhurumia, nikafanya kazi mbaya. Nani mwingine alikula ule mti?"

"Baba na mama walilala, Madam."

"Na aliyeukata?"

Niligeukia mlango. Nje kuku walikuwa wakigombana.

"Huyo hana haja nayo. Huyo ndiye shahidi."

Nikamwambia basi nitamtuma mtu ampelekee, atuambie kwa simu. Alikuwa ameshaanza kutafuta koti lake. Hathibitishi kwa kutumana, akasema, hajawahi, na hataanza uzeeni. Nikamkumbusha magoti. Akaingiza chupa moja ya mafuta mfukoni. Tukakodi gari la jirani yake, na njia nzima hadi Bumula alishika ule mfuko wa maembe mapajani, yeye ambaye utomvu ulimtoa malengelenge.

Kaka yangu alikuwa uani akirekebisha jembe. Alituona tukishuka, akasimama, wala hakusogea. Alikuwa ameota mvi. Hakuna aliyekuwa ameniambia kwamba kaka yangu ana mvi.

"Mulembe," Madam akamwamkia kwa lugha yetu, na kwa mara ya kwanza nilimwona akisalimia kabla ya kitu kingine. "Mimi ni wa kilimo. Nina kazi na wewe kidogo. Naomba kiti, miguu yangu imekataa."

Kiti kilikuwa ndani. Mke wa kaka akamshika mkono, wakaingia. Kaka akafuata. Nilibaki kizingitini nikiwasikia.

"Kula hii," Madam akasema. "Usiniulize."

Nilimsikia kaka akiling'ata nchani na kulimenya kwa meno, kama mama alivyotufundisha. Alikula bila haraka. Nilikuwa nimeshika fremu ya mlango, nikimwomba Mungu kwa maneno ya kitoto kabisa.

"Si yenyewe," kaka akasema.

Kisha nikasikia Madam akivuta pumzi.

"Basi nilikosea," akasema. "Nilimpa dada yako mti ambao sio. Kosa ni langu, si lake. Imekosa nini?"

"Ni tamu. Lakini ile yetu ilikuwa na kitu hapa mwisho, ya kuuma koo kidogo. Kama tangawizi."

"Tangawizi gani?" nikasema. "Karani haikuwa na tangawizi!"

"Ilikuwa nayo. Wewe ulikuwa unapanda unakula za juu, zimepigwa na jua. Mimi niliokota za chini."

"Uliokota gani? Si ni wewe ulikuwa unanisukuma nipande, ati wewe ni mzito?"

"Na mama alikuchapa wewe."

"Alinichapa kwa sababu ulinisingizia!"

Mkewe alicheka kwanza. Kaka akacheka akiwa na embe mdomoni, kisha uso wake ukakunjamana, akaweka kokwa chini. "Niliukata vibaya ule mti," akasema. "Hata kukuuliza sikukuuliza." Nilimwambia anyamaze, nikalia, naye akalia, na Madam akaketi kati yetu, kichwa ameinamisha upande, hakutuzuia.

Alipoona tumenyamaza alitaka kujua zaidi kuhusu ile tangawizi. Ilianza lini, kwenye ulimi au kwenye koo? Tukabishana hadi jua likageuka. Watoto walirudi kutoka shule wakatukuta. Chai ikaja, na Madam akaongeza sukari. Alimwambia kaka kwamba sasa ana mashahidi wawili wasioelewana, na kwamba hajawahi kupata bora zaidi. Kwaheri yake ya mwisho kwangu ilikuwa jioni ile, kupitia dirisha la gari: nimpigie nikisikia mwembe mwingine wowote usiobadilika rangi, na nisile kabla kaka yangu hajala.

Lakini kabla ya hapo, dereva alipopiga honi na nikainuka kumsindikiza, nilitafuta viatu vyangu. Vilikuwa mlangoni, upande wa nje, vimepangwa pamoja na vya watoto. Sikukumbuka nilivivua saa ngapi, wala nilivuka kizingiti saa ngapi.